Malili Itacheza au Itatazama?

Abiria atokaye Mombasa kwa basi la usiku kwenda Nairobi hupita Sultan Hamud, mji wa bara uliobeba jina la Sultani wa Unguja, akapita Salama, ndipo akafika Malili. Zamani hapa hapakuwa na la kumfanya mtu afungue pazia la dirisha: nyasi, migunga na ng'ombe wa ranchi. Mwaka 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 za Ranchi ya Malili, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua ujenzi wa Konza, mji wa teknolojia. Tangu hapo pamejengwa barabara na kituo cha taifa cha kuhifadhi data, na pametengwa mahali pa chuo cha sayansi kinachofuata mfano wa KAIST ya Korea Kusini, kwa mkopo wa nchi hiyo hiyo.

Majengo tumeyaona. Sisi twauliza jambo jingine: humo kutatengenezwa nini? Na ili tusiulize hewani, twachukua kitu kimoja ambacho vijana wetu wa Majengo na Kibokoni wanakijua kuliko sisi, nacho ni laptopu za michezo. Wachungao lugha huziita vipakatalishi, na hatugombani nao.

Twajua wako wazee watakaoguna. Mchezo! Hatusemi kamari, shauri la kamari lilikwisha katwa zamani. Twasema mchezo wa akili na wepesi wa mkono, na mtu aketiye barazani mbele ya bao toka alasiri hadi adhana ya magharibi hana haki ya kumcheka mwanawe. Isitoshe, vipande vya kompyuta vilivyobuniwa ili picha za michezo zikimbie bila kukwama vimezaa mambo makubwa. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifundisha kompyuta kutambua picha kwa kadi mbili za Nvidia, za aina ile ile inayonunuliwa na wacheza michezo. Mbio za akili mnemba tunazoziona leo zilipata nguvu hapo.

Basi tutazame mashindano yenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliinunua Alienware, iliyoanzishwa Miami mwaka 1996 na marafiki wawili. HP nayo ikainunua VoodooPC ya Kanada. Asus ya Taiwan haikununua mtu; ilianzisha jina lake yenyewe, ROG. Acer, MSI, Razer na baadaye Lenovo nao wamo uwanjani. Ajabu ni kwamba wote hawa, kwa sehemu kubwa, huenda kununua kipande cha picha mlango mmoja, kwa Nvidia. Ni kama bao: mashimo 32 ni yale yale, kete 64 ni zile zile, na bado mmoja hufungwa na mwingine akaondoka na sifa.

Wanachoshindania hasa ni namna ya kupambana na adui mmoja, naye ni joto. Kipande chenye nguvu hula umeme mwingi, na umeme huo hugeuka joto. Katika kompyuta ya mezani joto lina pa kutokea. Ndani ya bapa la unene wa vidole viwili halina. Mwaka 2015 Asus walionyesha laptopu iliyochomekwa kwenye mtambo wa maji nyuma yake, mfano wa rejeta ya gari. Mwaka 2017 Acer wakauza Predator 21 X, kioo chake kimepinda, uzito wake umepita kilo 8, bei yake karibu dola 9,000. Kuiita hiyo kompyuta ya mapajani ni kuyaonea mapaja. Lakini mwaka huo huo Nvidia walileta mpango wa Max-Q: kipande kipunguziwe umeme, kipoteze kasi kidogo, joto lishuke sana. Kufikia mwaka 2020 Asus walikuwa wakiuza Zephyrus G14 ya kilo 1 na gramu 600 hivi, yenye prosesa ya AMD, na kijana aliweza kuitia mkobani akaenda nayo chuoni.

Na hawa Asus ni nani? Ni wahandisi wanne waliotoka Acer mwaka 1989. Yasimuliwa kwamba walitengeneza ubao wa kompyuta kwa ajili ya prosesa mpya ya Intel kabla hawajaishika mkononi. Walipokwenda kuiomba wakajaribie, waliwakuta Intel wenyewe wanahangaika na ubao wao; wakawasaidia kuutengeneza, na wa kwao ukafanya kazi vile ulivyo.

Kwetu Kenya vimejaribiwa vitu. Ahadi ya 2013 ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza iligeuka kuwa tableti mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Moi kilishirikiana na JP-SA Couto ya Ureno, na JKUAT ikashirikiana na Positivo BGH. Kazi kubwa ilikuwa kuunganisha vipande vilivyotoka ng'ambo. Hatuidharau kazi hiyo, maana hata Taiwan ilianza na vya watu. Lakini mkazaji skurubu asipoulizwa ameona kosa gani, atakaza skurubu hadi uzeeni.

Wanaoyaona makosa wapo, tena huku pwani. Laptopu hujipoza kwa hewa inayoivuta, wala haiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo, na hewa ya Mombasa mwezi wa Februari twaijua. Juu ya joto pana chumvi inayokula shaba, na vumbi linaloziba feni. Tulimwona fundi mmoja, kijana asiye na cheti chochote, akiifungua mashine ya mteja, akaisugua kwa brashi ya meno, akabadilisha ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, kisha akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi mahali ambapo, kwa maoni yake, tundu la hewa lilipasa kuwekwa tangu kiwandani. Hayo ni maneno ya mbunifu, na hakuna aliyeyaandika.

Upande wa michezo yenyewe hatuanzi na sifuri pia. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo wa kupigana na wavamizi kutoka anga za juu, uliochezwa katika jiji tunalolijua. Mashine inayochezewa michezo ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa.

Kwa hiyo, habari ya jengo jingine la Konza itaweza kungoja. Twataka kusikia kwanza kwamba fundi kama yule ameitwa Malili, akapewa meza, bisibisi, na laptopu kumi zilizokufa kwa chumvi, na karibu naye ameketi mhandisi mwenye daftari.