Mjamzito aulizwe anaogelea maji gani
Na Mwanaidi Kombo

Mwanamke akishika mimba, mawifi, mashoga na majirani humpa wosia mmoja: atulie. Asiiname, asipande ngazi, na baharini asitie mguu, maji yasije yakamfikia mtoto. Wosia huo hutolewa kwa mapenzi, na ndiyo maana ni mgumu kuupinga. Lakini kwa mwanamke ambaye mimba yake haina tatizo, na ambaye kutwa nzima amekaa dukani, ofisini au nyuma ya cherehani, kutulia kuna gharama yake. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi uliojumuisha majaribio mengi ya mazoezi wakati wa ujauzito. Uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, presha ya mimba, au ile presha mbaya zaidi inayotangulia kifafa cha mimba ulikuwa mdogo kwa takribani asilimia 40 miongoni mwa waliofanya mazoezi. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wala tusiwacheke mawifi: mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani nacho kilikuwa na woga wake, kikaagiza mapigo ya moyo ya mjamzito anayefanya mazoezi yasizidi 140 kwa dakika. Kufika 1994 agizo hilo likaondolewa, kwa kuwa ushahidi wa kulishikilia haukuwepo.

Katika mazoezi yote, kuogelea ndiko kunakoufaa zaidi mwili wenye mimba, na sababu yake ni ya kimaumbile. Maji yakimfika mtu kifuani, hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Kiuno kinachouma kwa kuvutwa mbele na tumbo hupumzika, magoti hupumzika, na hatari ya kujikwaa na kuanguka, ambayo huongezeka kadiri tumbo linavyokua, hupungua. Zaidi ya hapo, maji hubana miguu kutoka kila upande na kuyasukuma majimaji yaliyotuama kwenye vifundo yarudi katika mzunguko wa damu, kisha figo zikayatoa. Uvimbe hupungua, na mwanamke asishangae akienda haja ndogo mara kwa mara baada ya kutoka bwawani. Kuna na joto. Anayetembea kwa kasi mchana wa Februari Dar es Salaam anajipikia mwili, ilhali maji ya kawaida ya bwawa huliondoa joto linapozalishwa.

Hofu ya maji kumfikia mtoto haina msingi mimba inapokuwa salama. Mlango wa kizazi umefungwa, umezibwa kwa ute mzito, na nyuma yake kuna chupa ya uzazi. Hofu hiyo inakuwa ya kweli chupa ikishapasuka, na hapo mahali pa mama ni hospitali. Hofu ya klorini ni nzito zaidi, kwani klorini ikikutana na jasho na uchafu mwingine wa miili huzaa kemikali ambazo wanasayansi walikuwa na sababu ya kuzitilia shaka. Denmark walilichunguza jambo hili katika mimba zaidi ya 74,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: waliokuwa wakiogelea hawakuonekana kuzaa njiti zaidi, wala watoto wadogo kupita kiasi, wala wenye kasoro za maumbile, kuliko wasiofanya mazoezi. Mtu makini atasema kwamba waogeleaji huenda walikuwa na afya njema tangu mwanzo. Ni kweli, na kwa hiyo utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba bwawa lenyewe linamkinga mtoto. Unachoonyesha ni kwamba dhara lililoogopwa lilitafutwa kwa wingi huo wa mimba na halikuonekana.

Ila mabwawa ya Denmark ni ya Denmark. Hapa kwetu swali ambalo mkunga angelianza nalo ni: maji gani? Anayeishi Mwanza, Ukerewe au Kisumu hawezi kuambiwa tu "kaogelee", kwa sababu kwenye maji yasiyo na chumvi, ya kina kifupi, yenye majani na yaliyotulia, wapo konokono wanaoeneza kichocho, na kimelea chake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Ugonjwa huo humsumbua mwanamke hadi katika viungo vya uzazi, na damu anayoipoteza taratibu haiwezi kumfaa mwenye mimba. (Aliyekwisha kuyakanyaga maji hayo asikae kimya kwa kuogopa dawa, Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba prazikwanteli inaweza kutolewa kwa wajawazito.) Bahari haina kichocho, lakini ina yake. Mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam, mto Msimbazi humwaga baharini uchafu wa mji mzima, na siku hizo si za kuogelea karibu na hapo. Bamvua nayo ina mkondo usiojali mimba ya mtu. Bwawa ndilo jibu jepesi, mradi sakafu yake ionekane hadi kilindini. Na watu wasidanganyike na harufu: bwawa linalonuka klorini hadi kuwasha macho mara nyingi ndilo lenye jasho na mkojo mwingi, kwani harufu hiyo hutokana na klorini iliyokwisha kuchanganyika na uchafu.

Wapo ambao kuogelea si kwao hata katika maji safi kabisa: anayetokwa damu, mwenye kondo la nyuma lililoziba njia baada ya wiki ya 26, aliyeshonwa mlango wa kizazi, aliyepatwa na uchungu kabla ya wakati, mwenye dalili za kifafa cha mimba. Katika orodha hiyo ningeweka wino mwekundu kwenye upungufu mkubwa wa damu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 uliwakuta zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa wana upungufu wa damu wa kiwango fulani. Wengi wao si wa kuzuiliwa mazoezi, lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kutazama macho ya mtu. Kipimo cha wingi wa damu kinachoandikwa kwenye kadi ya kliniki kitangulie nguo ya kuogelea. Mengine ni mepesi. Kupiga mbizi kwa mtungi hapana, kwa kuwa mtoto hana namna ya kujikinga na mapovu ya gesi. Jakuzi la maji moto hapana. Mwenye maumivu ya kinena aache mtindo wa kupanua miguu kama chura, apige miguu iliyonyooka. Asiyejua kuogelea atembee ndani ya maji ya kifuani akiwa na mwenzake. Nalo ni zoezi kamili.

Inabaki hoja ya heshima, na hapa ndipo subira yangu inapopungua. Paje na Jambiani, Zanzibar, wanawake wamekuwa wakisimama katika maji ya bahari kwa miaka mingi wakilima mwani, na kwingine pwani wanatanda uduvi, wenye mimba wakiwamo. Mwanamke akiingia majini kwa kazi hakuna anayeuliza. Akiingia kujinyoosha mgongo, ndipo stara inapokumbukwa. Nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima zipo, na ni salama kuliko dera, ambalo likilowa huwa zito na kumvuta mtu chini. Hoja ya kwamba haya ni mambo ya wenye nacho ina uzito zaidi. Mkulima anayebeba ndoo na kuni hadi mwezi wa tisa hahitaji safu ya gazeti imwambie afanye mazoezi. Anahitaji mtu wa kumpokea mzigo, na mjadala huo una nafasi yake.

Lakini mijini bei ni jambo la kupangwa. Mabwawa mengi ya hoteli na ya shule hulala matupu asubuhi za katikati ya wiki. Halmashauri ya jiji ikikubaliana na wenye mabwawa hayo watenge asubuhi mbili kwa wiki kwa wanawake peke yao, kwa ada ndogo, wakunga wa kliniki za jirani watakuwa na mahali pa kumwelekeza mtu badala ya kumwambia "fanya mazoezi" na kumwacha ajitafutie. Sharti ambalo wenye mabwawa watalalamikia ni mwokoaji: awepo, awe mwanamke, na awe amefunzwa kumtoa majini mtu mwenye tumbo kubwa. Wamlipe.