Saa Kuukuu Ising'arishwe

Wahenga walinena kuwa cha kale ni dhahabu. Wakusanyaji wa saa za mkononi za zamani wameuchukua usemi huu kwa uzito, hata chuma kikaishinda dhahabu kwa bei. Mnamo Oktoba 2017, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, iliuzwa mnadani mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa hiyo ni ya chuma cha pua. Thamani yake ilitokana na mkono ulioivaa, na maneno yaliyochongwa nyuma yake kutoka kwa mkewe, Joanne Woodward, yakimsihi aendeshe kwa uangalifu, kwani Newman alishiriki mashindano ya magari.

Hata hivyo, wapo wanunuzi ambao wakipata saa kuukuu huikimbiza kwa fundi isuguliwe mikwaruzo, uso upakwe rangi upya na akrabu zibadilishwe. Saa hung'aa, lakini ushahidi wa umri wake hufutika na bei hushuka.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuielewa hoja hii. Mhariri wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, akiisanifisha lahaja yake yote, atapata matini laini, ila atakuwa ameufukia ushahidi wa mtunzi na zama zake. Mitambo ya ndani na itiwe mafuta ili saa iende. Uso wake uachwe ulivyo.