Chai ya gololi jikoni kwetu



Likizo hii binti yangu alirejea Songea kutoka kwa shangazi yake, Dar es Salaam, akiwa na hamu moja tu: chai ya maziwa baridi yenye punje nyeusi za kutafuna. Wadogo zake, walipomsikia akiisimulia, waliipa jina papo hapo: chai ya gololi. Nilipouliza bei ya glasi moja nilinyamaza kidogo, kwani kwa fedha hiyo nyumba yetu hupata chai na maandazi ya siku mbili. Baba yao aliyekuwa akisikiliza kando akasema, “Sasa hiyo si mihogo tu?”

Alisema kweli. Kinywaji hicho kilianzia Taiwan katika miaka ya 1980, na gololi zake hufinyangwa kwa wanga wa muhogo, zao lile lile ambalo Wareno walilileta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, na ambalo sisi wa Ruvuma tunalilima nyuma ya nyumba. Ndugu zetu wa pwani wanaopika sagu wanazifahamu punje za namna hiyo.

Jaribio langu la kwanza liliharibika. Nilichukua unga wa muhogo wa ugali, nikaukanda, nikafinyanga, nikatumbukiza katika maji yanayochemka. Baada ya dakika tano sufuria ilikuwa na uji wa kijivu. Kosa ni kwamba unga una nyuzinyuzi za muhogo mzima, ilhali gololi hutaka wanga mtupu. Wanga huo mama zetu waliujua vema: ndio kanji waliyotia katika kanzu na sare za shule.

Basi nilinunua kilo moja na nusu ya mihogo mibichi sokoni. Hapa nakuomba usome taratibu. Muhogo uwe ule mtamu, kutoka kwa mkulima unayemjua. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia za Mtwara na za hapa jirani, Mbinga, zilipatwa na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, baada ya kula kwa muda mrefu muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Kukuna, kuosha kwa maji mengi na kukausha huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, lakini sioni sababu ya kuanza na muhogo unaoutilia shaka kwa ajili ya kinywaji cha starehe.

Menya, osha, kuna kwa kikunio chembamba. Changanya na maji mengi, kamua kwa kitambaa safi, kisha acha maji yale meupe yatulie kwa saa tatu au nne. Wanga utashuka chini na kuganda kama chokaa. Mwaga maji ya juu, tia mengine, koroga, acha utulie tena, mwaga. Anika juani hadi ukauke kabisa. Mimi nilipata kikombe kimoja na ziada kidogo. Machicha tulimpelekea jirani mwenye nguruwe? La hasha, tuliyaanika kwa ajili ya kuku.

Chemsha robo kikombe cha maji pamoja na robo kikombe cha sukari guru. Hiyo ndiyo inayotoa rangi. Yakiwa bado yanatokota, tia nusu ya wanga na ukoroge juu ya moto mdogo mpaka uvutike kama gundi. Epua, ongeza nusu iliyobaki, ukande ungali na moto. Ukiuacha upoe utapasuka. Sokota kamba nyembamba, kata, viringisha vidonge vyenye ukubwa wa mbaazi. Vichemshe katika maji mengi dakika ishirini, funika uvipumzishe kumi na tano nyingine, suuza kwa maji baridi, kisha uviloweke katika shira ya sukari guru. Viliwe siku ile ile. Kwenye jokofu huwa vigumu kama kokoto.

Chai yenyewe iwe nzito: majani vijiko viwili kwa vikombe viwili vya maji, maziwa yaliyochemshwa, kisha ipoe. Jioni za Juni hapa kwetu haihitaji barafu.

Anayenunua mchanganyiko wa dukani asome maandishi ya pakiti, kwani baadhi ya jeli zinazotiwa humo hutengenezwa kwa jelatini ya wanyama, na si rahisi kujua ni mnyama gani. Wanga wa muhogo hauna tatizo hilo.

Jambo lililonishtua lilitokea mezani. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alichovya mkono katika glasi ya dada yake, akameza kidonge, kikamkaba. Alikohoa kwa nguvu kikatoka, alhamdulillah. Mwaka 2012 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayochunguza usalama wa vyakula ilitahadharisha juu ya jambo hilo hilo kwa watoto wadogo. Kwetu sasa aliye chini ya miaka mitano hapewi, na wengine hutumia kijiko badala ya mrija, kwa sababu mrija hurusha kidonge moja kwa moja kooni. Mtoto anayekabwa akiweza kukohoa, mwache akohoe. Asipoweza, mwinamishe mbele, umpige mara tano kwa kiganja kati ya mabega, na mtu mwingine akimbilie msaada. Usiingize kidole kooni bila kuona kitu.

Mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari, naye alitaka kuonja. Kwa kuwa gololi ni wanga na sukari mtupu, tulimpa chai isiyo na sukari pamoja na vidonge vitatu vilivyosuuzwa. Alivihesabu, akadai cha nne.