Jeni, Si Jini

Mwezi huu naandika kwa ruhusa ya baba watoto, naye ameisoma makala hii kabla yenu. Ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu aondolewe tumbo. Nasema tumbo kwa maana ya ule mfuko unaopokea chakula, na waliuondoa wote, hawakubakiza kipande. Umio wake umeshonwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Anakula, anafanya kazi, anaendesha gari, na Jumamosi anabishana na wanawe juu ya mpira kama zamani. Ila amekonda, na kwetu mtu akikonda watu humtafutia ugonjwa. Harusini mwezi wa sita niliulizwa kwa kunong'onezwa mara tatu kabla pilau haijaletwa. Basi heri niseme mwenyewe.

Kwao Tanga, upande wa mama yake, watu wamekuwa wakifa kwa tumbo tangu yeye hajazaliwa. Babu yake mzaa mama, kisha mjomba, kisha mama mdogo. Kila msiba ulikuwa na jina lake: vidonda vya tumbo, gesi, kutupiwa jambo. Kati yao hakuna aliyefika miaka 50. Halafu shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, akaanza kushiba haraka. Tonge mbili tatu, basi. Alipokuja kupimwa, saratani ilikuwa imeshaenea. Alifariki akiwa na miaka 36. Mjane wake alitupigia picha karatasi zote za hospitali, na katika moja mtaalamu wa maabara aliandika kwamba saratani ilikuwa ya aina inayotawanyika, yenye seli za umbo la pete ya muhuri. Baba watoto aliichukua karatasi ile mpaka kwa daktari wetu wa familia hapa Uingereza. Daktari aliuliza maswali mawili tu kuhusu ndugu, akaandika barua ya kumpeleka kliniki ya magonjwa ya kurithi.

Damu ikachukuliwa. Jibu lilikuwa herufi tatu na namba: CDH1.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kazi yake ni kutoa maagizo ya kutengeneza protini ya E-kadherini, inayozishikanisha seli kama saruji inavyoshika matofali. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi kwa ile nzuri iliyobaki, mpaka siku hiyo nayo iharibike ndani ya seli moja ya tumbo. Hapo seli hukosa mshiko na kuanza kutangatanga. Mwanzoni haifanyi uvimbe wa kuonekana. Hutawanyika chini ya utando wa ndani kama chumvi iliyomwagika kwenye mchele, na ndiyo maana kamera ya endoskopi inaweza kupita juu yake isione kitu. Jeni hii ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1998, na Parry Guilford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wakishirikiana na familia ya Wamaori iliyokuwa imezika watu wake kizazi baada ya kizazi. Familia yenyewe ndiyo iliyokwenda kuwatafuta wanasayansi. Hilo baba watoto hulirudia sana, hasa akiongea na ndugu zake.

Hesabu za zamani zilitisha, zilifika wanaume 70 katika kila 100 wenye jeni hii. Utafiti wa karibuni umezishusha mpaka karibu 30 hadi 40 katika 100. Wanawake wana mzigo wa pili, saratani ya titi ya aina ya lobula, kwa takriban 40 katika 100. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inashauri wenye jeni wafikirie kuondolewa tumbo kati ya miaka 20 na 30, na asiyetaka afuatiliwe kwa endoskopi kila mwaka mahali penye uzoefu. Baba watoto alikuwa na miaka 39. Endoskopi yake ilikuwa safi kabisa. Alikubali upasuaji hata hivyo, na tumbo lilipochunguzwa maabara baadaye walikuta vidoa sita vya saratani, vidogo mno, ambavyo kamera haikuviona.

Sasa simu ya Tanga. Mama mkwe ana miaka 73, mzima, anakwenda sokoni kwa miguu yake. Baba watoto alipomweleza kuwa amekutwa na jeni, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nani kakutupia?" Laini ilikuwa mbovu na yeye alisikia jini. Tulicheka sote, naye akacheka alipoelewa. Halafu akauliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapa?"

Ndiyo, kwa mahesabu yote ni yeye, kwa kuwa baba yake na ndugu zake waliugua na wanawe wawili wakaipata. Amepita na jeni hiyo miaka 73 bila kuugua, maana si kila mwenye nayo huugua. Baba watoto alimwambia, "Mama, hukutoa kwa kupenda, na wewe ulipewa." Mama mkwe alikata simu. Alipiga tena baada ya siku nne na kuuliza habari za dawa ya kikohozi, na hapo nikajua tumesameheana.

Kizito zaidi kilikuwa kwa wifi yangu. Binti yake ana miaka 24 na wakati ule alikuwa ameshaposwa. Wifi alitusihi tusitamke neno mpaka ndoa ipite, kwa sababu wakisikia upande wa pili kuwa ukoo una saratani ya kurithi, posa itarudi. Simlaumu. Nimeona posa zikirudi kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini mimi na baba watoto tuliona kwamba siri ya ndoa ni moja na mwili wa yule binti ni mwingine. Yeye ni mjomba wake. Alimwambia mpwa wake peke yake, si wazazi, si mchumba, na akamwachia yeye aamue amwambie nani na lini. Wifi alikaa miezi mitatu bila kupokea simu zetu. Binti mwenyewe alimwambia mchumba wake wiki hiyohiyo. Wameoana. Kupima bado hajapima, na hilo ni lake.

Nirudi jikoni, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa huu unakoishi sasa.

Hospitali alikaa siku tisa. Nyumbani wiki za mwanzo zilikuwa za vijiko: uji laini, supu, mtindi, yai la kuvurugwa. Kutoka kilo 82 alishuka hadi 66, akasimama hapo. Kazini alirudi baada ya miezi mitatu, nusu siku. Tumbo ni ghala lenye mlango mdogo, linalopokea kingi na kutoa kidogo kidogo. Ghala likiondoka, chakula kinamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo. Sukari ndiyo mkorofi wa kwanza. Mwezi wa pili alikunywa chai ya maziwa ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili, kama alivyozoea tangu utotoni. Dakika 20 baadaye jasho lilikuwa linamtiririka, moyo unakimbia, tumbo linaunguruma, akalala sakafuni. Madaktari huiita dampingi. Kuna nyingine inayokuja baada ya saa moja hadi tatu: mwili umetoa insulini nyingi kupambana na ile sukari, sasa sukari ya damu inaanguka, mtu anatetemeka na kuchanganyikiwa. Halua ya Muscat iko kabatini kwa ajili ya wageni.

Anakula mara saba kwa siku, kwenye kisosi. Sahani kubwa inamkatisha tamaa, na inawakatisha tamaa wanaomtazama. Samaki, mayai, kunde zilizoiva vizuri, ndizi za kupika, siagi ya karanga, parachichi. Anatafuna mpaka tonge iwe uji mdomoni, kwa sababu hakuna tena wa kuisaga huko chini. Ugali mgumu na nyama yenye nyuzi vilimkwama, akaviacha. Mwaka mmoja baadaye ugali laini umerudi, tonge tatu. Kinywaji ni nusu saa kabla ya chakula au nusu saa baada yake, visikutane. Usiku hali kitu saa tatu kabla ya kulala, na mito ni mitatu, maana nyongo hupanda kooni akilala bapa.

Kilichotushangaza ni njaa. Homoni ya njaa, grelini, hutengenezwa zaidi na tumbo, kwa hiyo mwenye kuondolewa tumbo anaweza kushinda siku nzima asihisi chochote huku mwili unaisha. Ana kengele kwenye simu. Mtoto wetu mdogo akiisikia hupiga kelele, "Baba, saa ya kisosi!" popote tulipo, hata msikitini.

Vitamini B12 haiwezi kunyonywa vizuri bila kitu kinachotolewa na tumbo, hivyo anachomwa sindano kila miezi mitatu, maisha yake yote. Nchi nyingine huchoma kila mwezi. Ini huweka akiba ya vitamini hii kwa miaka, na hapo ndipo penye mtego: mtu anaacha sindano, anajiona mzima, kisha ganzi ya miguu inaanza, na mishipa ya fahamu ikishaumia si rahisi kurudi. Tukienda likizo ndefu tunabeba sindano na barua ya daktari. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D navyo hupimwa.

Ramadhani tuliiwaza mapema. Tatizo si mchana peke yake, ni futari pia: tende, juisi, uji wa sukari, sambusa, vyote ndani ya nusu saa. Madaktari wake walimkataza kufunga. Alikwenda kwa sheikh na maelezo yao mkononi, na sheikh akamwambia atoe fidya, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Pesa ilikwenda Tanga. Magharibi anakaa nasi mkekani na kisosi chake. Mwanzo aliona haya.

Kwa mnaotualika, nawaomba jambo moja. Msimwambie "kula bwana, umekonda." Najua ni mapenzi, kwetu mapenzi hupimwa kwa kijiko cha kupakulia. Lakini akila ziada ya tonge mbili kwa heshima yenu, nusu saa baadaye atakuwa amelala chumbani kwenu na nyote mtaharibikiwa na karamu. Mpakulieni kidogo, mwacheni, na akiomba kufungiwa msione ni tusi.

Sitaki kila mwenye kiungulia aanze kuogopa. Saratani nyingi za tumbo hazirithiwi. Zenye mzizi wa kurithi ni kati ya 1 na 3 katika 100. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori ana lawama kubwa zaidi, naye hutibiwa kwa vidonge. Cha kuangalia ni mfululizo: ndugu wawili wa damu wenye saratani ya tumbo, mmoja wao ya aina ya kutawanyika, au mmoja aliyeipata hiyo kabla ya miaka 50, au saratani ya tumbo na ya titi la lobula katika ukoo mmoja. Kuzaliwa na mdomo wa sungura nako madaktari hukuuliza, kwa sababu jeni ni hiyohiyo. Mwambie daktari wako hayo, uombe kliniki ya kurithi. Mtoto wa mwenye jeni ana nafasi ya nusu kwa nusu, msichana au mvulana. Kwa kawaida watoto hawapimwi, husubiri wafike umri wa kuamua wenyewe. Binti yetu wa kwanza anatimiza miaka 18 mwezi wa Novemba. Amesema atakwenda kuzungumza na mshauri wa kliniki, na kwamba mimi nikae nje.

Kliniki watataka orodha ya ukoo: nani aliugua nini, akiwa na umri gani, wapi. Iandikeni sasa, wazee wangali hai. Kwetu mama mkwe ndiye aliyetoa orodha ndefu kuliko wote. Alituma sauti ya dakika 14 kwenye WhatsApp, kuku wakisikika nyuma, akataja watu tisa na msiba wa kila mmoja. Wawili kati yao baba watoto hakuwahi kuwasikia.