Usione Vyaelea, Vimeundwa

Ndugu msomaji, mtoto aliyenunuliwa kitu kwa jasho la mzazi wake, kisha akanung'unika, "Huu sio ule," huitwa mtovu wa shukrani na maneno yakaishia hapo. Leo napenda kumtetea mtoto huyo, maana katika michezo ya mapigano ya kwenye televisheni, mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akisema kweli.

Michezo hiyo ilikulia Japani na Marekani katika kumbi za starehe. Kijana alitumbukiza sarafu katika kabati lenye kioo, akashika usukani wake mdogo, na mpinzani akasimama ubavuni pake. Mchezo ukishapendwa kumbini, ulitayarishwa upya kwa mashine ndogo ya nyumbani. Jina likawa lile lile, na picha ya juu ya kasha ikavutia vile vile. Lakini mitambo ya ndani haikuwa mmoja.

Mathalani, mwaka 1993 kampuni ya Sega ilitoa Virtua Fighter. Kabati lake liliendeshwa na mtambo wa Model 1, wenye nguvu nyingi na uliobuniwa kwa ajili ya kumbi. Mwaka uliofuata mchezo uliletwa nyumbani katika mashine ya Saturn, ambayo haikuweza kubeba mzigo ule. Maumbo ya wapiganaji yakapunguzwa, na vipande vya miili yao vikawa vikimemeta na kutoweka. Mwaka 1995 Sega ilitoa toleo lililorekebishwa.

Kampuni ya Namco ilishika njia nyingine. Tekken ya mwaka 1994 iliendeshwa kumbini na mtambo uliojengwa kwa kufuata mashine ya nyumbani, yaani PlayStation ya Sony. Basi mchezo ulipoingia majumbani mwaka 1995 haukupungukiwa na jambo kubwa. Fundi aliyekata nguo kwa kipimo cha mvaaji hana haja ya kuipunguza.

Wakati mwingine kilichopotea kilikuwa kiini cha mchezo wenyewe. Mwaka 1996 Capcom ilitoa X-Men vs. Street Fighter. Utamu wake ulikuwa huu: kila mchezaji alikuwa na wapiganaji wawili, na aliweza kuwabadilisha katikati ya vita. Kufanya hivyo kulihitaji mashine iweke picha za wapiganaji wanne katika kumbukumbu yake kwa wakati mmoja. Saturn iliongezewa kipande cha kumbukumbu cha megabaiti 4, ikaweza. PlayStation ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu, na toleo lake la mwaka 1998 likaondoa mabadilishano hayo. Mtoto aliyelinunua alipata jina na sura, akakosa mchezo wenyewe.

Wapo waliouza kitu halisi. Mwaka 1990 kampuni ya SNK ilileta Neo Geo, ambayo mitambo yake ya kumbini na ya nyumbani ilikuwa ya aina moja. Lakini huko Marekani mashine iliuzwa kwa dola 650 hivi, na mchezo mmoja kwa dola 200 hivi. Ni familia ngapi za wafanyakazi zingeweza kulipa bei hiyo?

Siku hizi pengo hilo limezibika, na hata mpangilio umegeuka. Street Fighter V ilitoka kwanza kwa mashine za nyumbani na kompyuta mwaka 2016. Kumbi za Japani ziliipata mwaka 2019. Nao ule mchezo uliokatwa kiini chake, Capcom iliuuza tena mwaka 2024, ndani ya mkusanyo wa michezo yake ya zamani, kama ulivyokuwa kumbini.

Hata hivyo michezo ya kale ingali ikiuzwa upya kila mara. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujafungua mkoba wako usiridhike na jina la juu ya kasha. Uliza: hili ni toleo la mashine ipi, na limepunguzwa nini? Na mwanao akikuambia, "Huu sio ule," usiharakishe kumkaripia. Mwombe akuonyeshe tofauti. Huenda yeye ameona kilichoundwa, wewe umeona kinachoelea tu.