Kazi za Mikono: Mistari ya Rangi kwa Kompyuta

Mwezi huu tunaweka kando sindano na uzi, lakini rangi hatuziachi. Tutatengeneza picha kwa kompyuta: si ua, si ndege, si nyumba, bali mistari mitupu inayopinda, kupishana na kung'aa.

Tunajua wapo watakaosema, "Mimi sijui kuchora." Wengine watasema kompyuta ni ya vijana. Lakini kazi hii haihitaji mkono wa mchoraji. Inahitaji jicho la rangi na uvumilivu, na mama aliyewahi kudarizi kitambaa cha kochi au kusuka mkeka wa rangi tatu anavyo vyote viwili.

Programu tunayotumia inaitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo hutolewa bure. Tunalitaja hili kwa sababu zipo nakala za wizi za programu za kulipia. Nakala hizo huweza kuja na virusi, na hata zisipokuwa navyo, ni jasho la mtu. Kwa nini tuanze kazi njema kwa kitu cha wizi wakati cha halali kipo bure?

Namna ya kufanya

1. Fungua ukurasa mpya wenye upana wa pikseli 1748 na urefu wa pikseli 2480. Ukichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, utatoka na ukubwa wa A5, yaani nusu ya karatasi ya kawaida. Ujaze rangi nyeusi.

2. Juu yake ongeza tabaka jipya lisilo na rangi. Tabaka ni kama karatasi ya plastiki inayoonyesha: unachora juu yake bila kugusa kilicho chini.

3. Chukua chombo cha kuchorea njia. Bonyeza mahali pa kuanzia, kisha pa pili, na kabla ya kuachia kipanya, kivute kidogo, mstari utapinda. Nukta tatu au nne zinatosha. Mipindo hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kusanifu mabodi ya magari. Hutoka laini hata kama mkono unatetemeka.

4. Iamuru programu ipitishe rangi juu ya njia hiyo, unene wa pikseli 6, rangi nyekundu iliyokolea. Usianze na nyeupe wala kijivu, kwa sababu hizo hazitageuka katika hatua inayofuata.

5. Nakili tabaka hilo. Zungusha nakala nyuzi 5, kisha nenda kwenye orodha ya rangi, usogeze rangi yake nyuzi 30. Nakili hiyo mpya, ufanye vilevile. Rangi za kompyuta zimepangwa katika duara la nyuzi 360, kwa hiyo mistari 12 huzunguka duara zima: nyekundu, chungwa, njano, kijani na kuendelea.

6. Weka kila tabaka la mstari katika hali ya Skrini. Sasa mistari inapopishana, mwanga hujumlishwa. Nyekundu juu ya kijani itatoa njano, jambo ambalo rangi za maji haziwezi kulifanya.

7. Nakili mistari miwili au mitatu, na nakala hizo uzitie ukungu wa pikseli 20. Mistari itawaka kama taa ya chemli nyuma ya pazia.

Hifadhi kazi katika faili la XCF, ambalo hutunza matabaka yote, ili kesho uweze kurekebisha. Nakala ya kumtumia mtu iwe PNG. Ile ya JPEG huacha madoa kando ya mistari mikali.

Angalizo kuhusu printa: ukurasa mweusi hula wino mwingi. Kama unataka kuchapisha, jaza ukurasa rangi nyeupe, na matabaka uyaweke katika hali ya Maltiplai badala ya Skrini, la sivyo mistari itapotea. Msishangae pia rangi zikififia kidogo kwenye karatasi. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, wino hautoi.

Kisha jifunzeni kupunguza. Kando ya kila tabaka kuna alama ya jicho. Ibonyeze, mstari utajificha. Kama picha haiuulizii, uondoe. Nafasi tupu nayo ni sehemu ya picha.

Tuseme neno la kiuguzi pia. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho. Kifundo cha mkono kinyooke, kisiegemee ukingo wa meza. Vidole vikianza kufa ganzi, pumzika.

Huenda mama mmoja akauliza, "Picha isiyo na kitu ndani yake ni ya nini?" Sisi tunaotembelea wagonjwa tunajua kwamba kuna siku maneno ya kadi za dukani huumiza. "Upone haraka" si neno la kumpa mama aliyeambiwa kwamba mtoto wake hatapona haraka. Kadi yenye mistari ya rangi, bila neno hata moja, humwambia tu kwamba kuna mtu aliyekaa jioni tatu akimkumbuka. Tumeona kadi za namna hiyo zikibaki kichwani mwa kitanda muda mrefu baada ya wageni kuondoka.

Jaribuni basi, na mketi na binti zenu mnapojaribu. Wao watawaonyesha pa kubonyeza. Ninyi mtawaonyesha rangi ipi ikae karibu na ipi. Mwezi ujao tutarudi kwenye sindano.