Kabla ya Kwenda Kushindana, Tupime Kwanza

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac, nguvu za mwili si jambo la kustaajabisha. Pale Rumonge mtu huziona alfajiri, mitumbwi inapokokotwa mchangani na ndagala wakipandishwa ufukoni. Huziona tena mchana, mikungu ya chikichi inapobebwa kutoka mashambani kwenda kukamuliwa mawese. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa huku hupenda kupiga vyuma, wala si ajabu kukuta chini ya mwembe mtaimbo uliotiwa makopo ya saruji huku na huku, na kundi la watu likimhesabia mmoja wao.

Tunalotaka kulizungumza leo ni hatua ifuatayo, yaani siku kijana huyo anapotoka uani kwenda kushindana kwa mara ya kwanza mbele ya waamuzi. Hatua hiyo tunaiunga mkono. Lakini tunasema wazi kwamba namna wengi wetu tunavyowaandaa vijana kwa siku hiyo haifai, na kwamba kijana anaporudi nyumbani na sifuri, mara nyingi sifuri hiyo tumemwandikia sisi tuliomchangia nauli.

Mchezo wenyewe, ambao shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, si ule wa Olimpiki wa kurusha chuma juu ya kichwa. Huu una mitindo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama, kulala chali kwenye benchi, kukishusha chuma kifuani na kukisukuma, na kukivuta chuma kutoka sakafuni hadi mtu asimame wima. Katika kila mtindo mshindani hupewa majaribio matatu. Lililo bora katika kila mtindo huchukuliwa, na jumla ya hayo matatu ndiyo alama yake. Waamuzi ni watatu, kila mmoja ana taa nyeupe na taa nyekundu. Zikiwaka nyeupe mbili, jaribio limekubaliwa.

Hapo ndipo pana mtego. Mshindani akishindwa majaribio yote matatu katika mtindo mmoja, hana jumla, hata kama angevuta uzito wa gari. Tena sheria haimruhusu kupunguza uzito baada ya kushindwa. Anaweza kuurudia uleule au kuongeza, kushuka hawezi. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote katika siku hiyo ni ule wa uzito wa kufungulia, ambao mshindani huutaja anapopimwa mwili, kabla hajagusa chuma.

Sasa tutazame jinsi uamuzi huo unavyofanywa kwetu. Kijana amewahi mara moja kuchuchumaa na kilo 160, jioni moja, wenzake wakimshangilia na mmoja wao, tuseme ukweli, akimtia mkono kidogo. Habari inafika sokoni. Wazee wa mtaa wanachanga nauli. Mwenye duka anatoa mkanda. Siku ya kuondoka kila mtu anataka kusikia kwamba kijana ataanza na 160 na kumaliza na 180. Nani atathubutu kuwaambia watu hao kwamba ataanza na 140? Naye kwa haya anataja 160, na mbele ya waamuzi, bila yule wa kutia mkono, magoti yanagoma.

Sisi tunasema 140 ndiyo hesabu ya mtu mwenye akili. Uzito wa kufungulia uwe ule ambao mshindani anaweza kuunyanyua mara tatu mfululizo siku yoyote, hata siku aliyolala vibaya. Akishaupata, jumla yake imeanza. Jaribio la pili aweke 150, na la tatu, ikiwa mwili unakubali, 157 na nusu au hata ile 160 yenyewe. Mtu aliyepanda hivyo hamalizi chini ya yule aliyeanza juu. Watu wa nyumbani waambiwe jumla, na waambiwe baada ya mashindano.

Jambo la pili ni ukweli wa vyuma vyetu. Kopo la lita 10 lililojazwa zege linaweza kufika kilo 23 au 24, na mengi huandikwa 20 kwa chokaa kwa sababu aliyeyajaza alidhani hivyo. Wengine hutundika madumu, au mabidoni kama tuitavyo huku, na kuhesabu kilo 20 kwa kila dumu la lita 20. Hesabu hiyo ni sawa kwa maji. Dumu la mawese halizidi sana kilo 18, maana mafuta ni mepesi kuliko maji, kama ajuavyo kila mama anayeyauza. Mtaimbo wa mashindano wenyewe una kilo 20, na vibano vyake viwili ni kilo 5, kwa hiyo mtu huanzia 25 kabla ya kuongeza lolote. Kijana ambaye hajui anachonyanyua kwa hakika, atachaguaje uzito wa kufungulia? Anakisia, na kukisia mbele ya waamuzi ni ghali.

Tumesikia hoja kwamba mtu anayevuta nyavu usiku kucha hahitaji mpango wa mazoezi. Hoja hiyo tunaigeuza: anauhitaji kuliko karani. Uvuvi wa ndagala kwa taa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Basi mvuvi anayejiandaa kushindana na apange mazoezi yake kwa mwezi. Siku za mbalamwezi ndizo za kuchuchumaa na kuvuta uzito mkubwa, kwa kuwa mgongo umepumzika. Siku za giza afanye mepesi, apige benchi na kusahihisha mtindo, kwa sababu mgongo wake tayari umefanya kazi ziwani. Uzito mkubwa wa mwisho aunyanyue siku saba hadi kumi kabla ya shindano, na wiki ya mwisho aguse tu. Nguvu haziongezeki katika wiki ya mwisho; uchovu ndio unaoweza kuongezeka.

Kuhusu uzito wa mwili tutasema machache. Madaraja ya wanaume katika shirikisho la kimataifa ni pamoja na kilo 66, 74, 83 na 93. Kijana wa kilo 76 hushawishiwa ajinyime chakula na maji ili aingie katika 74. Kwa mara ya kwanza asifanye hivyo. Ale ugali wake, maharagwe na ndagala, ashindane katika 83, awe na nguvu zake zote.

Lakini nguvu zenyewe hazitoshi, maana huu ni mchezo wa kutii amri. Katika mashindano ya kimataifa amri hutolewa kwa Kiingereza, nazo ni maneno matano tu: skwoti, raki, stati, presi, dauni. Kwenye benchi chuma hakisukumwi mpaka kitulie kifuani na mwamuzi aseme presi. Katika kuvuta hakiteremshwi mpaka aseme dauni. Na katika kuchuchumaa kiungo cha nyonga lazima kishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Uani kwetu hakuna anayesema chochote kati ya hayo. Kila mtu hushuka apendavyo na kuteremsha chuma apendavyo. Tunashauri kwamba wiki sita kabla ya siku yenyewe mwenzake mmoja akae mbele kama mwamuzi, atoe amri na kukataa kila lisilofaa bila kumwonea rafiki haya. Urafiki wa aina hiyo una faida kuliko makofi.

Watakuwapo watakaotujibu kwa jina la Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996 kule Atlanta, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kijana huyu aliiacha nafasi yake ya mita 1500 kwa mwenzake Dieudonné Kwizera, akaingia katika mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache tu, akashinda dhahabu. Je, si ushahidi kwamba mgeni shujaa hushinda? Sivyo. Niyongabo alikuwa tayari miongoni mwa wakimbiaji bora duniani wa mita 1500. Umbali ndio uliokuwa mgeni kwake. Waamuzi, kelele za uwanja na kufungwa katikati ya kundi la wakimbiaji vilikuwa mambo ya kila siku. Kijana wetu wa Rumonge ana hali iliyo kinyume: chuma anakijua, kilichobaki chote ni kigeni.

Tusisahau pia kwamba mchezo huu si wa wavulana peke yao. Wanawake wana madaraja yao, kuanzia kilo 47 kwa watu wazima. Na kwa wenye ulemavu wa miguu upo mtindo wa benchi katika Paralimpiki. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham mwaka 2022 kwa mtindo huo. Benchi moja imara na mtaimbo vinatosha kuanzia, gharama ambayo mtaa mmoja unaweza kuibeba.

Yamebaki ya safari. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kiasi cha kilomita 75, lakini barabara hiyo inapita kati ya mlima na ziwa, na wasomaji wanajua yaliyotokea Gitaza mwaka 2015 mlima ulipoporomoka, na jinsi maji yalivyopanda katika miaka ya karibuni. Ongezeni uhaba wa petroli. Kupimwa mwili huanza saa mbili kabla ya shindano na huchukua saa moja na nusu. Atakayefika baada ya hapo hanyanyui, hata awe na udhuru wa kweli. Michango ya wazee na ilipe basi la siku iliyotangulia na mahali pa kulala, kabla ya kulipia fulana zenye majina.

Tena tuna ombi kwa wafanyabiashara wa gatini na wa mawese wenye mizani mikubwa. Asubuhi moja tu, kabla ya bidhaa kuanza kuingia, wawaruhusu vijana walete makopo yao ya saruji, yapimwe moja baada ya jingine, na uzito wa kweli uandikwe kwa rangi isiyofutika.